BIBI EMILY HOBHOUSE, ALIYEDAI HESABU YA MAKAMBI

Mchungaji akikabidhiwa ng'ombe wa watu asubuhi, jioni huulizwa hesabu. Akirudi na upungufu hawezi kusema kwamba mvua ilikuwa kubwa, au kwamba mwaka huu fisi ni wengi, kisha akaenda zake kulala. Ataulizwa ng'ombe kapotelea wapi, saa ngapi, na yeye mwenyewe alikuwa wapi. Desturi hii ni ya zamani katika nchi zetu, na kila mfugaji anaijua. Lakini serikali zinapowatia watu ndani ya seng'enge wakati wa vita, mara nyingi desturi hiyo husahauliwa. Serikali huwatoa watu katika nyumba zao, ikashika mikononi mwake maji yao, kuni zao na posho yao. Kisha watu wakifa, hujibu kwamba vita ni vita, na wala isiulizwe zaidi.

Leo twapenda kuwaeleza wasomaji wetu maisha ya bibi mmoja wa Kiingereza aliyelikataa jibu hilo. Jina lake ni Emily Hobhouse. Hakuwa na cheo, hakuwa na mali nyingi, na katika siku zake mwanamke wa Uingereza hakuwa na kura ya kumchagua mjumbe wa Bunge. Hata hivyo aliilazimisha serikali ya dola kubwa kuliko zote duniani itoe hesabu ya watu iliowafungia. Twaeleza pia mahali hesabu ile ilipokomea, kwa kuwa jambo hilo latuhusu sisi Waafrika kuliko watu wengine wote.

Bibi Hobhouse alizaliwa tarehe 9 Aprili, 1860, katika kijiji cha St Ive, jimbo la Cornwall, kusini-magharibi ya Uingereza. Baba yake alikuwa kasisi wa kijiji hicho, akapanda hata cheo cha Arkidikoni. Ndugu yake mdogo, Leonard, alipelekwa Chuo Kikuu cha Oxford, naye baadaye akawa mwalimu mashuhuri wa elimu ya jamii. Emily hakupelekwa. Mama yake alipofariki mwaka 1880, yeye ndiye aliyebaki nyumbani kumtunza baba, na kazi hiyo aliifanya kwa miaka 15, akiwazuru wagonjwa na maskini wa kijiji kama ilivyokuwa desturi ya mabinti wa makasisi.

Baba alifariki mwaka 1895. Emily hakungoja. Mwaka ule ule alivuka bahari akaenda Marekani, katika jimbo la Minnesota, mji wa Virginia, ambako wachimba migodi wengi kutoka Cornwall walikuwa wamehamia kutafuta kazi. Huko alipigana na ulevi uliokuwa ukila mishahara ya wafanya kazi. Alichumbiwa, akanunua shamba Mexico kwa matumaini ya ndoa, lakini uchumba ukavunjika na sehemu kubwa ya fedha zake ikapotea. Mwaka 1898 alirudi kwao akiwa na miaka 38, bila mume wala kazi maalumu. Mtu yeyote aliyemwona wakati ule angedhani kwamba maisha yake yamekwisha pita.

Mwezi wa Oktoba, 1899, vita vilianza katika Afrika ya Kusini baina ya Waingereza na Makaburu wa jamhuri mbili, Transvaal na Orange Free State. Tusidanganyike juu ya vita hivyo. Pande zote mbili zilikuwa zikigombea nchi ya watu wengine, na chini ya nchi hiyo mlikuwa na dhahabu. Lakini katika Uingereza watu walishikwa na wazimu wa vita, na aliyethubutu kusema neno la suluhu aliitwa msaliti. Bibi Hobhouse alijiunga na kamati ya watu waliotaka mapatano, akawa katibu wa tawi la wanawake. Mwezi wa Julai, 1900, mkutano uliofanyika Liskeard, karibu na kijiji alichozaliwa, ulivunjwa kwa fujo na makelele.

Mwaka huo majeshi ya Waingereza yaliteka miji mikuu ya Makaburu, nao Makaburu wakaanza vita vya kuvizia. Ndipo majemadari wa Kiingereza, kwanza Lord Roberts na baada yake Lord Kitchener, walipoamua kwamba njia ya kumshinda adui ni kuondoa kila kitu kinachomsaidia. Mashamba yakachomwa moto, mifugo ikachinjwa, visima vikaharibiwa. Wanawake na watoto waliokutwa mashambani wakapakiwa katika magari ya ng'ombe na mabehewa ya wazi, wakapelekwa makambini. Serikali iliwaita wakimbizi waliokuja kutafuta hifadhi. Lakini mkimbizi halisi aweza kuondoka atakapo, na hawa hawakuweza. Wao walikuwa wafungwa wa vita, ingawa wengi wao walikuwa hawajafikia umri wa kushika bunduki.

Habari hizi zilipofika London, Bibi Hobhouse alianzisha mfuko wa kuwasaidia wanawake na watoto wa Afrika ya Kusini, na tarehe 7 Desemba, 1900, akapanda meli yeye mwenyewe. Alipoondoka alikuwa amesikia habari za kambi moja tu, ile ya Port Elizabeth. Alipofika Cape Town tarehe 27 Desemba, aliambiwa kwamba zipo nyingi. Alimwendea Gavana, Sir Alfred Milner, akaomba ruhusa. Gavana alikubali, lakini Lord Kitchener aliweka mpaka: bibi huyu asivuke Bloemfontein kwenda kaskazini. Alitia vyakula na nguo katika behewa la mizigo, akasafiri, na tarehe 24 Januari, 1901, akafika.

Nje ya Bloemfontein, juu ya mbuga tupu isiyo na mti, aliwakuta watu wapatao 1,800 katika mahema. Jua lilichoma juu ya turubai, na mvua iliponyesha maji yalipita chini ya waliolala, kwa maana vitanda havikuwapo na magodoro yalikuwa machache. Maji ya kunywa yalikuwa machafu, nazo kuni za kuyachemshia hazikutosha. Katika posho sabuni haikuwamo. Alipoiulizia aliambiwa kwamba sabuni ni kitu cha anasa. Siku moja nyoka aina ya bafe, mwenye sumu kali, aliingia katika hema alimokuwa amekaa na akina mama, naye akamshambulia kwa mwavuli wake. Surua, homa ya matumbo na kuhara vilipita hema kwa hema. Tena kulikuwa na kanuni moja mbaya kupita zote: familia ambayo mume au baba yake alikuwa bado vitani ilipewa posho pungufu. Yaani mtoto aliadhibiwa kwa njaa ili baba yake ajisalimishe. Kanuni hiyo ilifutwa mapema mwaka 1901, baada ya maswali kuulizwa katika Bunge.

Jambo la kuangalia hapa ni namna alivyofanya kazi. Hakukaa kulia tu. Aliingia hema moja baada ya jingine na kalamu mkononi, akaandika ni watu wangapi wamelala humo, maji kiasi gani wanapata, posho imepimwaje, ni nani amekufa na kwa ugonjwa gani. Kisha aliwaendea maofisa akadai sabuni, majani ya wanyama, birika kubwa za kuchemshia maji, na bomba. Baadhi ya vitu alivipata. Alizuru pia Norvalspont, Aliwal North, Springfontein, Kimberley na Mafeking. Aliporudi Bloemfontein mwezi wa Aprili aliona kwamba idadi ya watu imekuwa karibu maradufu, na yale machache yaliyotengenezwa yamemezwa na wingi huo. Katika kituo cha gari la moshi cha Springfontein alikuta umati wa watu waliotupwa huko bila mahema wala chakula, na mama mmoja akiwa ameketi na mtoto anayekata roho mapajani mwake, hana hata tone la machozi. Picha hiyo haikumtoka tena maishani.

Alitambua kwamba kwa behewa moja la nguo hawezi kuwaokoa. Waliokuwa na uwezo wa kuwaokoa walikuwa London, nao ndio waliotoa amri. Kwa hiyo alirudi Uingereza mwezi wa Mei, na mwanzoni mwa Juni akaonana na Waziri wa Vita, Bwana St John Brodrick, akamweleza yote. Mwezi huo huo alichapisha taarifa yake, nayo ikagawiwa kwa wajumbe wa Bunge. Kiongozi wa upinzani, Sir Henry Campbell-Bannerman, baada ya kumsikiliza kwa muda mrefu, alisimama hadharani akailaani namna ile ya kupigana kuwa ni ya kishenzi. Bwana Lloyd George naye aliisuta serikali ndani ya Bunge. Serikali ilijibu kama serikali zijibuvyo: kwamba makambi yaliwekwa kwa huruma, kwamba Makaburu wenyewe hawajui usafi, kwamba makosa ni ya adui anayekataa kusalimu amri, kwamba hali inazidi kuwa njema. Magazeti mengi yalimtukana bibi huyu, yakamwita adui wa nchi yake.

Lakini hesabu ilikwisha kudaiwa, na serikali haikuweza tena kunyamaza. Idadi ya vifo ikawa ikichapishwa mwezi kwa mwezi, na kila mwezi ilipanda. Mwezi wa Oktoba, 1901, kiwango cha vifo katika makambi ya Wazungu kilifikia watu 344 katika kila 1,000 kwa mwaka. Kwa kipimo hicho, kama hali ingeendelea, theluthi ya watu wote wangekwisha katika miezi kumi na miwili. Serikali ilikuwa imekwisha chagua tume ya mabibi sita chini ya Bibi Millicent Fawcett. Bibi Hobhouse, aliyejua mambo kuliko wote, hakutiwa ndani yake. Bibi Fawcett aliunga mkono vita, na pengine serikali ilitumaini kwamba ataipaka makambi chokaa. Lakini katika tume walikuwamo wanawake madaktari, na Bibi Lucy Deane, aliyekuwa mkaguzi wa viwanda na aliyezoea kupima vyoo na visima vya wafanya kazi. Waliyoyaona yalithibitisha sehemu kubwa ya yale aliyosema Bibi Hobhouse. Usimamizi wa makambi ukaondolewa jeshini ukapewa watawala wa kiraia. Maji, chakula na wauguzi vikaongezwa. Kufikia Februari, 1902, vifo vilishuka hata 69 katika kila 1,000, na baadaye vikashuka zaidi. Hapo ndipo ukweli ulipodhihirika: kama vifo viliweza kupunguzwa kwa bomba, kuni na wauguzi, basi havikuwa mapenzi ya Mungu wala bahati ya vita. Vilikuwa kazi ya watu waliokuwa na uwezo wa kuvizuia, na hawakuvizuia.

Je, yeye mwenyewe alilipwa nini? Mwezi ule ule wa Oktoba, 1901, alirudi Afrika ya Kusini. Meli ilipotia nanga Cape Town aliambiwa asiguse nchi kavu. Siku chache baadaye askari walimbeba kwa nguvu, akikataa kutembea kwa miguu yake, wakamtia katika meli nyingine irudiyo Uingereza. Hapakuwa na mashtaka wala hakimu. Ilitosha kwamba sheria ya kijeshi ilikuwa ikitawala. Wanasheria walimshauri asiende mahakamani. Alikwenda Ufaransa, akaandika kitabu juu ya mzigo wa vita na juu ya waliobebeshwa mzigo huo, kilichotoka mwaka 1902. Lord Kitchener alipewa cheo kikubwa zaidi na zawadi ya paundi 50,000 kwa kura ya Bunge. Hakuna waziri wala jemadari aliyehukumiwa kwa ajili ya makambi.

Vita vilikwisha tarehe 31 Mei, 1902. Hesabu iliyofanywa baadaye ilionyesha kwamba Makaburu 27,927 walikufa makambini, na kati yao zaidi ya 22,000 walikuwa watoto wasiofikia miaka 16.

Sasa twafika mahali penye uchungu. Mashamba yalipochomwa, waliokaa juu yake hawakuwa Makaburu peke yao. Walikuwako Waafrika, wengi zaidi kuliko wanavyotajwa, wakulima na vibarua pamoja na wake zao na watoto wao, na wao pia walikusanywa. Waafrika zaidi ya 100,000 walitiwa katika makambi yao ya peke yao. Wanaume walichukuliwa kufanya kazi za jeshi; wanawake walilima; mahema yalikuwa haba kuliko kwa Wazungu, na nafaka ilibidi wainunue. Mwezi wa Desemba, 1901, wakati vifo vya Wazungu vilikuwa vikianza kushuka, vifo vya Waafrika vilifikia kilele. Vifo vilivyoandikwa ni zaidi ya 14,000, na wachunguzi wa siku hizi wanakadiria kwamba hawapungui 20,000. Kadiri peke yake yaweza kutolewa, kwa sababu vitabu vingi havikuandikwa vizuri, au havikuandikwa kabisa.

Bibi Hobhouse alisikia juu ya makambi hayo. Alitaja katika taarifa yake kwamba hali yao ni mbaya na kwamba yafaa mtu aende akachunguze. Lakini yeye hakwenda. Alikuwa mtu mmoja, na nguvu zake zilikuwa na mwisho. Hata hivyo ni haki kusema kwamba hakwenda. Tume ya Bibi Fawcett nayo haikwenda. Hakuna tume yo yote iliyotumwa. Kwa hiyo Bunge halikuulizwa kila wiki juu ya watoto wa Kiafrika, na ambaye hakuulizwa hakujibu. Katika mkataba wa amani ule ule wa mwaka 1902, Waingereza na Makaburu walikubaliana kwamba kura ya Mwafrika isizungumzwe mpaka Wazungu wamekwisha pewa serikali yao wenyewe. Maana yake kila mtu aliijua. Wasiohesabiwa katika makaburi hawakuhesabiwa pia katika Bunge.

Kwa sifa yake, Bibi Hobhouse aliendelea kujifunza. Tangu mwaka 1905 alikaa miaka kadhaa katika Afrika ya Kusini akifungua shule za kusokota sufu na kufuma, ili mabinti waliofilisiwa na vita wapate riziki. Mwaka 1913 Makaburu walijenga mnara Bloemfontein kwa ajili ya wanawake na watoto wao. Mchongaji wa sanamu, Anton van Wouw, alimchonga mama aliyepakata mtoto kwa kufuata aliyoyasimulia Bibi Hobhouse juu ya kituo cha Springfontein. Alialikwa kuufungua mnara huo, lakini akaugua njiani, na hotuba yake ikasomwa na wengine tarehe 16 Desemba. Katika hotuba hiyo aliwaonya wenyeji wake kwamba uhuru walioupenda kwa nafsi zao wasiwanyime wengine. Aliwakumbusha pia kwamba Waafrika nao waliteseka na kufa makambini. Mwaka ule ule wa 1913 Bunge la Afrika ya Kusini lilikuwa limepitisha sheria iliyomnyima Mwafrika haki ya kununua ardhi katika sehemu kubwa ya nchi yake. Haishangazi kwamba wakati wa utawala wa ubaguzi hotuba hiyo ilipochapishwa tena, maneno yaliyohusu Waafrika yaliachwa. Utawala huo huo uliipa nyambizi ya vita jina la mwanamke aliyechukia vita kuliko kitu cho chote. Baada ya ubaguzi kuanguka jina la nyambizi lilibadilishwa. Mapema mwaka 1914, alipokuwa Cape Town, alimsaidia pia Bwana Gandhi kupata kusikilizwa na Jenerali Smuts, katika madai ya Wahindi waliotozwa kodi ya paundi tatu baada ya kumaliza kazi zao za mkataba.

Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoanza alivipinga vile vile. Mwezi wa Juni, 1916, alifika Ujerumani, akaizuru kambi ya Ruhleben karibu na Berlin, ambako maelfu ya raia wa Kiingereza walifungwa katika mabanda ya farasi. Aliporudi London alitaka serikali mbili zipatane ili raia wafungwa waachiliwe. Badala ya shukrani, Bunge lilielezwa juu yake kama juu ya mhalifu, na sheria ikakazwa ili mwingine asifanye alivyofanya. Hapa waliomwita mpenzi wa Makaburu walipaswa kuona haya, maana safari hii aliwatetea Waingereza. Kwake yeye mfungwa alikuwa mfungwa, na hakuuliza kwanza ni wa taifa gani.

Alifariki London tarehe 8 Juni, 1926, akiwa na umri wa miaka 66. Majivu yake yalipelekwa Bloemfontein, yakazikwa chini ya mnara ule.

Miaka 33 baadaye Bunge lile lile la London lilisikia tena habari za kambi. Tarehe 3 Machi, 1959, katika kambi ya Hola, nchini Kenya, wafungwa 11 walipigwa mpaka wakafa kwa kukataa kazi ya lazima. Taarifa ya kwanza ya serikali ilisema kwamba walikufa baada ya kunywa maji. Bungeni waliulizana usiku kucha, lakini hakuna aliyeshtakiwa. Nyaraka nyingi za makambi ya Kenya zilifichwa Uingereza, na kuwako kwake kukakubaliwa mwaka 2011 tu, wakati wazee walipokuwa wamepeleka shauri mahakamani. Tarehe 6 Juni, 2013, serikali ya Uingereza ilieleza majuto yake, ikakubali kuwalipa wadai 5,228 jumla ya paundi milioni 19.9. Wengi waliostahili walikuwa wamekwisha kufa. Hesabu ilitolewa, lakini ilichukua zaidi ya miaka hamsini.

Mkataba wa Geneva wa mwaka 1949 waagiza kwamba raia wakizuiliwa vitani, majina yao yaandikwe na habari zao zipelekwe kwa jamaa zao, na wajumbe wa Msalaba Mwekundu waruhusiwe kuwazuru. Hiyo ndiyo kazi aliyoifanya Bibi Hobhouse kwa kalamu yake, hema kwa hema, pasipo sheria yo yote ya kumlinda. Lakini sheria hailindi mtu kama hakuna wa kuuliza.

Basi, ndugu wasomaji, tusiyasome maisha haya kama hadithi ya Waingereza na Makaburu tu. Yupo kati yetu askari, yupo karani, yupo mwuguzi, yupo dereva wa lori lipelekalo posho. Serikali yo yote, hata ile tuliyoichagua kwa kura zetu na kuipenda, ikifunga watu, ina deni la kujibu maswali matatu: wameingia wangapi, wangapi wako hai leo, na ni nani mwenye ufunguo. Anayeuliza hayo si adui wa nchi yake. Na tunapouliza, tuanze na ile kambi ambayo hakuna aliyeitembelea.